Ndege ndogo, safari ndefu: namna piloti anapanga njia mbele ya kuruka

Wakaaji wa Shabunda, Punia ao Walikale wanajua hii hali. Ndege imetangazwa kwa asubuhi. Mgonjwa ameletwa kwenye kiwanja kwa kipoyi tangu giza, familia imeuza mbuzi juu ya kupata biye, mbingu iko safi. Masaa yanapita, ndege haifiki. Ao inafika, lakini inachukua watu sita wakati tisa wamekwisha kuandikishwa. Hapo maneno yanaanza: piloti ameogopa, ajenti amekula feza, nafasi imepewa mtu mkubwa.

Mara zingine ni kweli. Lakini mara nyingi jibu lilikwisha kuandikwa jana yake mangaribi, kwenye karatasi moja yenye mistari, kilometa na makilo. Katika provensi za mashariki, ambako barabara nyingi hazipitiki wakati wa mvua, ile karatasi ndiyo inaamua nani atapanda na nani atabaki. Hii makala inaeleza namna inavyotengenezwa, na pahali ambapo mkaaji wa kawaida naye ana kazi yake ndani.

Karta kwanza

Piloti wa ndege ndogo anaanza na karta ya anga. Ile inayotumiwa sana kwa safari ndefu ina kipimo cha 1 kwa 1,000,000. Maana yake, sentimeta moja kwenye karatasi ni kilometa 10 chini. Inaonyesha milima na urefu wake, mito, maziwa, miji, viwanja vya ndege na sehemu za anga ambamo ni marufuku kupita.

Mfano ni safari ya Bunia mpaka Kindu. Kwa mstari ulionyooka ni kilometa karibu 690, ni kusema sentimeta 69 kwenye karta. Ule mstari unatoka Ituri kuelekea kusini-magharibi, unakata ikweta, unaingia katika pori kubwa, unapita katikati ya Walikale na Punia, unavuka mito Lowa na Ulindi, kisha unafika Lualaba kwenye muji wa Kindu.

Kwenye karatasi ni rahisi. Shida ni kile kilicho chini ya mstari: miti, saa nzima na zaidi. Ndege yenye injini moja ikipata shida pale, haina pahali pa kushuka. Ndiyo maana mapiloti wengi hawafuati mstari ulionyooka. Wanaupinda kidogo ili upite karibu na viwanja vinavyojulikana, hata kama kilometa zinaongezeka na mafuta pia.

Kisha mstari unakatwa vipande vifupi, kila kimoja cha dakika 15 ao 20. Mwisho wa kila kipande kunachaguliwa alama isiyodanganya: mto mkubwa, pahali mito miwili inakutana, mlima wenye umbo lake. Kijiji kinaweza kuhama juu ya vita, na barabara ndogo inaweza kufunikwa na majani, lakini Lualaba inabaki pale pale. Pembeni ya kila alama piloti anaandika upande wa dira, kilometa, dakika na mafuta yanayopaswa kubaki. Kama Lowa ilipaswa kuonekana saa 9 na dakika 20, na inaonekana saa 9 na nusu, upepo wa mbele una nguvu kuliko ilivyofikiriwa, na hesabu yote inarudiliwa palepale.

Kosa dogo la dira linakula mbali. Mapiloti wana kanuni moja rahisi: ukikosea digrii moja, kila kilometa 60 unazotembea zinakutoa njiani kilometa moja. Mpaka Kindu inakuwa kilometa zaidi ya 11. Juu ya pori lenye ukungu, hiyo inatosha kupita pembeni ya muji bila kuuona.

Leo karibu kila ndege ina GPS. Lakini karta ya karatasi haijatupwa. Mwaka 2024 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba ishara za GPS zilivurugwa katika Kivu ya Kaskazini, na kwamba ndege za kiraia ziliguswa. Piloti ambaye masini yake inamwambia yuko pahali ambapo hayuko, anaokolewa na mto anaouona kwa macho na saa aliyoandika kwa mkono.

Urefu wa kuruka nao unachaguliwa chini. Kwa wanaoruka kwa kuona, kanuni ya kimataifa inasema hivi: anayeelekea magharibi anachukua maelfu ya futi yenye kugawanyika kwa mbili pamoja na 500, mfano futi 10,500, sawa na meta 3,200. Anayeelekea mashariki anachukua yale mengine, kama 9,500 ao 11,500. Hivyo ndege mbili zinazokutana zinaachana kwa futi 1,000, karibu meta 300.

Milima ya mashariki haijali hiyo kanuni. Kahuzi ina meta 3,308, Nyiragongo 3,470, Karisimbi 4,507, na Ruwenzori inafika 5,109. Katika ndege nyingi ndogo, hewa ya ndani ni ile ile ya nje, kwa hiyo piloti hawezi kukaa juu sana muda mrefu bila oksijeni. Njia yake ni kuzunguka.

Hesabu ya makilo

Hapa ndipo matatizo mengi na abiria yanatokea. Ndege moja inayoonekana sana mashariki ni Cessna Caravan. Aina ya 208B ina injini moja, na haipaswi kuruka na uzito unaopita kilo 3,969, kila kitu ndani. Tangi zake zinachukua mafuta karibu kilo 1,000.

Kwa mfano wa Bunia–Kindu, hesabu iwe hivi: ndege tupu pamoja na piloti na vifaa ni kilo 2,350, inatembea kilometa 300 kwa saa, na inakunywa kilo 155 za kerozeni kila saa. Kila ndege ina tarakimu zake, lakini namna ya kuhesabu ni ile ile. Mafuta yanakuwa:

- kuwasha injini na kutembea chini: kilo 20;
- safari yenyewe, masaa 2 na dakika 18: kilo 356;
- akiba ya njia, 5 kwa mia: kilo 18;
- mafuta ya kutoka Kindu mpaka Kisangani, kama Kindu haishukiki: kilo 197;
- akiba ya mwisho, dakika 45 za kuruka: kilo 116.

Jumla ni kilo 707. Ukiondoa hiyo na uzito wa ndege kwenye 3,969, zinabaki kilo 912 kwa watu na mizigo. Abiria tisa wa kilo 80 kila mmoja, na mfuko wa kilo 15 kila mmoja, wanafanya kilo 855. Nafasi iliyobaki ni kilo 57. Gunia moja la muhogo la kilo 100 haliingii, hata kama kwa macho kuna pahali pa kuliweka.

Sasa hesabu ibadilike kidogo: Kindu hakuna kerozeni siku ile. Ndege inapaswa kubeba tangu Bunia mafuta ya kwenda na ya kurudi. Hapo zinahitajika kilo 356 mara mbili, akiba ya njia kilo 36, kutembea chini mara mbili kilo 40, mafuta ya kufika Beni kama Bunia imefunikwa na ukungu wakati wa kurudi kilo 71, na akiba ya mwisho kilo 116. Jumla 975, karibu tangi zote. Kwa watu na mizigo zinabaki kilo 644. Ni abiria sita na mifuko yao. Wa saba haingii.

Kwa hiyo watu watatu wanaobaki Bunia hawakuachwa juu ya ubaya wa mtu. Wameachwa juu ya pipa la kerozeni ambalo halikufika Kindu. Na kama upepo wa mbele ni kilometa 30 kwa saa, safari ya kwenda inaongeza dakika 15 na mafuta kilo 40. Zile kilo 40 zinatoka kwenye mizigo.

Uzito unapaswa pia kukaa pahali pake. Mzigo mkubwa ukiwekwa nyuma sana, pua ya ndege inainuka na piloti anashindwa kuirudisha. Tarehe 25 Agosti 2010, ndege aina ya Let 410 ilianguka Bandundu. Watu 20 walikufa, mmoja akapona. Kufatana na ushuhuda wake ulioripotiwa, mamba aliyefichwa katika mfuko alitoka, abiria wakakimbilia mbele wote pamoja, na ndege ikapoteza usawa. Ndiyo sababu mizigo inafungwa kwa kamba, na abiria mnene anaweza kuombwa abadilishe kiti. Si matusi.

Urefu wa kiwanja, joto na matope

Kilo 3,969 ni mpaka wa kiwandani. Kiwanja chenyewe kinaweza kuushusha. Kadiri pahali pako juu, hewa inakuwa nyepesi, mabawa yanashika kidogo na injini inapunguza nguvu. Kiwanja cha Bunia kiko karibu meta 1,240 juu ya bahari, Kavumu zaidi ya meta 1,700, Kindu karibu meta 500 tu. Ndege ile ile, na mzigo ule ule, inahitaji pisti ndefu zaidi Kavumu kuliko Kindu.

Joto linafanya vile vile. Saa 7 ya asubuhi hewa ni nzito na ndege inainuka vizuri. Saa 13, jua likiwa kali, inakimbia meta nyingi zaidi mbele ya kuinuka. Tena viwanja vingi vya ndani ni vya udongo ao vya majani. Majani marefu na matope yanashika magurudumu. Piloti anayeambiwa kwamba mvua imenyesha Shabunda usiku kucha anaweza kuondoa kilo 200 kwenye mzigo, ao kuahirisha safari.

Umeme wa Kabare na Kampene

Mwaka 2016, watafiti waliotumia picha za satelaiti walipanga orodha ya pahali ambapo umeme unapiga zaidi duniani. Ya kwanza ilikuwa ziwa Maracaibo, Venezuela. Ya pili ilikuwa Kabare, Kivu ya Kusini, teritware ambamo kiwanja cha Kavumu kiko: zaidi ya mara 200 kwa kila kilometa ya mraba kila mwaka. Ya tatu, Kampene katika Maniema. Sake, karibu na Goma, ilikuwa ya tano.

Kwa hiyo piloti wa mashariki anapanga safari katikati ya dhoruba kali kuliko karibu pahali pote duniani. Mawingu ya dhoruba yanaweza kupita kilometa 15 kwenda juu. Ndege ndogo haiwezi kuyaruka, na kupita ndani ao chini yake ni kutafuta kifo, juu ya upepo unaosukuma chini kwa nguvu. Inabaki kuzunguka kwa mbali, zaidi ya kilometa 30 kwa dhoruba kubwa, ao kurudi.

Dhoruba nyingi zinajikusanya kisha ya saa sita ya muchana, wakati udongo umepata joto. Ndiyo maana ndege ndogo zinaondoka asubuhi, na piloti mwenye akili anaandika kwenye karta pahali pa kugeukia: nikifika hapa na sioni mbele, ninarudi. Inaandikwa chini, wakati kichwa kiko baridi, kwa sababu kule juu mtu anakuwa na hamu ya kufika.

Hiyo hamu ni hatari zaidi pahali penye milima. Tarehe 1 Septemba 2008, ndege aina ya Beechcraft 1900 iliyokuwa inakaribia Bukavu katika hali mbaya ya hewa iligonga mlima. Watu 17 walikuwa ndani. Hakuna aliyepona.

Saa gani, ya nani?

Kongo ina saa mbili. Mashariki iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Mapiloti wanakwepa hiyo shida kwa kuandika saa ya dunia, UTC, ambayo iko nyuma ya saa ya mashariki kwa masaa mawili. Ndege inayoondoka Bunia saa moja ya asubuhi kwa Kiswahili ni saa 7 kwa Kifaransa, na saa 5 kwenye karatasi ya piloti. Ajenti anayesema tu «saa nane» bila kueleza anaweza kufanya mgonjwa afike kiwanjani masaa sita mbele ao nyuma.

Karibu na ikweta jua linaingia karibu na saa 18 mwaka mzima, na giza linaanguka upesi. Viwanja vya ndani havina taa. Kwa hiyo piloti anahesabu kwa kurudi nyuma: toka saa ya giza, anaondoa muda wa safari, wa kupakia na wa akiba. Kama mizigo imechelewa na ile saa imepita, ndege inalala.

Kiwanja cha pili

Hakuna mpango unaokamilika bila kiwanja cha pili, kile cha kukimbilia kama cha kwanza hakishukiki. Mbele ya kuondoka, piloti anasoma taarifa zinazoitwa NOTAM: pisti iliyoharibika, kiwanja kilichofungwa, anga iliyokatazwa.

Watu wa mashariki wanaijua hiyo maana kwa mwili wao. Januari 2002, moto wa Nyiragongo ulifunika kipande cha pisti ya Goma. Mwishoni mwa Januari 2025, mapigano yalipofika Goma, kiwanja kilifungwa kwa safari za kawaida, na Februari mapigano yakafika Kavumu pia. Piloti aliyekuwa anategemea hivyo viwanja viwili kwa mafuta na kwa kukimbilia, alipaswa kuchora upya mistari yake yote. Kiwanja cha pili kikiwa mbali, mafuta yanaongezeka. Mafuta yakiongezeka, abiria wanapunguka. Vita ya pahali pamoja inaondoa mgonjwa kwenye ndege ya pahali pengine.

Ndege isipofika

Mpango ukiisha, unapelekwa kwa RVA, shirika la serikali linaloangalia viwanja na njia za anga: aina ya ndege, njia, urefu, saa ya kuondoka, muda wa safari, mafuta kwa masaa, hesabu ya watu. Sheria na vibali vya ndege viko chini ya Mamlaka ya anga ya kiraia, AAC. Habari za hali ya hewa ni kazi ya METTELSAT.

Ile karatasi ndiyo inayofungua kutafuta. Kufatana na kanuni za kimataifa, ndege ikipitisha dakika 30 kisha ya saa iliyotarajiwa bila habari, hatua ya kwanza ya wasiwasi inaanza. Kisha inakuja ya tahadhari, na mwishowe ya hatari, wakati watafutaji wanatumwa. Wanatafuta kwa kufuata mstari ulioandikwa. Piloti aliyebadilisha njia bila kusema, ao aliyepakia watu wasioandikwa, anawaacha watafutaji na familia bila mwanzo.

Kazi ya mkaaji

Kwenye viwanja vingi vya ndani hakuna masini ya hali ya hewa. Piloti anapiga telefone: mlima ule unaonekana? Mawingu yako upande gani? Jibu linatoka kwa ajenti, muganga ao mwalimu anayekaa karibu. Hapo kuna jaribu kubwa. Mtu mwenye mgonjwa pembeni anatamani kusema «mbingu ni safi, kuja tu». Akisema hivyo wakati mlima umefunikwa, anaita ndege katika ukungu, na mgonjwa wake hatapanda hata hivyo. Neno la kweli, hata likiwa baya, linamwezesha piloti kuondoka saa moja kisha, ao kubeba mafuta zaidi na kuja.

Mambo mengine ni madogo, lakini yanahesabiwa kwenye ile karatasi:

- kusema kilo za kweli, za mwili na za mfuko, na kukubali kupita kwenye mizani;
- kutangaza vitu vya hatari: petroli, betri, nyama hai;
- kuondoa mbuzi, pikipiki na muhogo unaoanikwa kwenye pisti mbele ya ndege kufika, na kukata majani;
- kufika mapema, kwa sababu saa iliyopotea chini hairudishwi juu.

Naye abiria ana haki ya kuuliza ajenti, mbele ya kulipa: ndege itapata mafuta kule inapokwenda? Kama hapana, ni watu wangapi kweli watapanda? Na kama makilo hayatoshi, ni nani atabaki, na feza yake itarudishwa siku gani? Ajenti aliyeongea na piloti ana majibu tangu jana yake. Anayeuza viti tisa wakati anajua hesabu inatoa sita, huyo ndiye wa kuulizwa, si piloti aliyekataa wa saba.